Amekutukana tu, hajakupiga

Daftari lenyewe ni kauntabuku ya kwaya mbili. Jalada limeingia chumvi na mafuta ya dagaa, ukilishika mkono unanuka mpaka jioni. Kurasa za mbele ni hesabu za biashara: ndoo ngapi zimeanikwa, nani kachukua sado mbili kwa mkopo, nani bado hajalipa. Ukiligeuza ukaanza kwa nyuma, mwandiko ni ule ule ila habari ni nyingine. "Jumatatu saa moja na nusu asubuhi. Kaniita malaya mbele ya mama wa uji. Nimenyamaza." "Alhamisi. Kasema Mrundi rudi kwenu, vijana wa mtumbwi wamecheka." "Jumamosi. Yale yale." "Jumapili. Yale yale."

Mwenye daftari anaanika na kuuza dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma mjini. Mimi ni mteja wake wa siku nyingi, na anajua kwamba nimewahi kuwasaidia watu kuandika malalamiko yao ya kisheria. Siku moja alinifungia dagaa wangu, akafuta mikono kwenye kanga, akaniambia, "Dada, kaa kidogo nikuonyeshe kitu." Anayemtukana ni mwanamume anayepakua mizigo kwenye mwalo huo huo. Aliwahi kumtaka dada huyu, akakataliwa. Basi kuanzia hapo kila akipita kwenye chanja zake lazima aache neno.

Kilichonikamata kwenye daftari lile ni hayo maneno mawili, "yale yale". Ndiyo ugonjwa wenyewe. Tusi la siku moja linauma na kupita. Unaenda nyumbani, unamsimulia mwenzako, mnalala. Tusi la kila siku linakuhamisha njia. Linakufanya uamke saa kumi alfajiri ili umalize kuanika kabla mtu fulani hajafika. Linamfanya mtoto wako akuulize shuleni wenzake wamesikia nini. Sheria zetu zina majibu mengi kwa tusi la Jumatatu. Kwa "yale yale" ya Jumamosi na Jumapili zinajikwaa, na mwathirika asipojua zinajikwaa wapi, atazunguka ofisi mpaka achoke.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 89, inasema ni kosa kumtolea mtu lugha chafu, ya matusi au ya kudhalilisha kwa namna inayoweza kusababisha uvunjifu wa amani. Adhabu yake ni kifungo cha miezi 6. Kifungu hicho hicho kinamgusa anayetishia kumdhuru mtu au kuharibu mali yake kwa nia ya kumtisha au kumuudhi, na hapo adhabu ni kubwa zaidi. (Namba ninazotaja ni za toleo la sheria la 2022. Toleo jipya la sheria zilizorekebishwa limeanza kutumika Julai 1, 2025, kwa hiyo ukifika mahakamani taja kosa kwa jina lake, namba ataitafuta karani.)

Soma tena maneno ya kifungu: "kwa namna inayoweza kusababisha uvunjifu wa amani." Kinacholindwa hapo kwanza ni utulivu wa mahali. Moyo wa yule dada unakuja baadaye. Na hapa pana mtego unaowanasa watu wapole. Dada huyu amenyamaza kwa miezi. Anapokwenda kulalamika anaulizwa, "Sasa amani ilivunjika wapi, kama wewe ulinyamaza?" Uvumilivu wake unageuzwa kuwa ushahidi dhidi yake. Jibu la swali hilo limo ndani ya kifungu chenyewe, na kila mlalamikaji angepaswa kulijua kabla hajavuka mlango wa kituo: sheria haisubiri amani ivunjike. Inatosha kwamba maneno yale, mahali pale, mbele ya watu wale, yangeweza kuivunja. Kaka yake dada huyu, anayevua Katonga, alikwisha kusema atamfuata mtu huyo na kasia. Hilo ndilo la kumwambia askari. Usimwambie tu "nimeumia"; mwambie nani alisikia, nani alikasirika, na nani alizuiwa asirushe ngumi.

Tuliambiwa sentensi ambayo wengi wenu mmeisikia: "Amekutukana tu, hajakupiga." Sitataja kituo, kwa sababu sentensi hiyo si ya kituo kimoja. Iko kwa wenyeviti wa mitaa, iko kwa wazazi, iko kwa viongozi wa dini. Fomu ya polisi ya PF3, ya kwenda nayo hospitali, ni ya aliyeumizwa mwili, na kwa kuwa asiye na jeraha hana haja nayo, anaonekana hana kesi pia. Ana kesi. Anastahili lalamiko lake liandikwe na apewe namba ya RB, yaani ya kitabu cha taarifa cha polisi, na namba hiyo hailipiwi. Kama maneno yana sura ya kingono au ya kumdhalilisha kwa sababu ni mwanamke, aombe kupelekwa Dawati la Jinsia na Watoto. Siku ya pili tulipouliza lilipo dawati, yule yule aliyetuambia "hajakupiga" alinyoosha kidole kwenye mlango wa tatu. Tofauti ilikuwa kwamba safari hii tulijua la kuuliza.

Kwenye dawati, askari wa kike alimwambia dada kwa upole, "Haya, sema alisemaje." Akajibu, "Alinitukana matusi ya nguoni." Askari akauliza tena. Akarudia, "Ya nguoni, afande, siwezi kuyatamka, nimeolewa." Wengi tumelelewa hivyo: aliyetukanwa ndiye anayeona aibu kutamka tusi, na aliyetukana hana aibu hata kidogo. Lakini hati ya mashtaka haiwezi kuandikwa "matusi ya nguoni". Hakimu anataka maneno kama yalivyotoka mdomoni, kwa lugha ile ile, hata kama ni Kiha, ndipo apime kama kweli ni matusi. Tulichofanya ni kuomba karatasi. Aliyaandika mwenyewe huku ameinama, akaikunja mara mbili, akaisukuma mezani bila kumtazama mtu. Ukishindwa kuyasema, yaandike. Na uyaandike siku ile ile, maana baada ya wiki tatu maneno huanza kubadilika kichwani, na wakili wa upande wa pili anajua hivyo.

Kuna kosa jingine, zito zaidi, ambalo watu wengi hudhani linahitaji kuguswa mwili. Ni udhalilishaji wa kijinsia, kifungu cha 138D, kilichoingizwa kwenye Kanuni ya Adhabu na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998. Kosa hilo linaweza kufanyika kwa maneno peke yake. Adhabu ni kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyozidi shilingi 200,000, au vyote viwili, na mahakama inaweza kuamuru fidia. Faini hiyo ilipangwa mwaka 1998 na leo haimtishi mtu mwenye mtumbwi na injini. Miaka 5, hata hivyo, inamtisha yeyote.

Lakini kosa hili lina saa inayotembea. Mashtaka hayafunguliwi kama lalamiko limetolewa baada ya siku 60 tangu tukio, au tangu tukio la mwisho. Nilipolisoma daftari lile ilikuwa wiki ya mwisho ya Julai 2024. Mtakumbuka Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka huo, ili samaki wapate kuzaliana. Dada alikosa kipato miezi mitatu, na akaniambia kitu ambacho sijakisahau: kwamba pamoja na njaa, ilikuwa miezi yake ya kwanza ya kupumua, kwa sababu mwalo haukuwa na watu na mtu yule hakuwa na sababu ya kufika. Tusi la mwisho kwenye daftari lilikuwa la Mei 12. Hesabu mwenyewe: siku 60 zilikwisha Julai 11. Alipokuwa anapumua, saa ya sheria ilikuwa inatembea, na hakuna aliyemwambia.

Agosti ziwa likafunguliwa. Siku ya tatu tu mtu yule alirudi na yale yale. Ni vibaya kusema hivi, ila kisheria kurudi kwake kulifungua mlango. Maneno "tukio la mwisho" yanaonyesha kwamba waliotunga kifungu kile walifahamu kuwa udhalilishaji huja kwa mnyororo, na saa huanza kuhesabu kwenye pingili ya mwisho. Ndiyo sehemu moja ambapo sheria yetu inalikaribia jambo la "yale yale". Kwa bahati mbaya inalikaribia kwenye kuhesabu siku tu. Kwenye kupima uzito wa kosa, mnyororo hauna jina.

Sasa linganisheni na simu. Tuseme mtu yule, badala ya kusimama kwenye chanja, angemtumia dada maneno yale yale kwa meseji au kwenye grupu la WhatsApp la wafanyabiashara. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu mawasiliano ya kielektroniki kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtia uchungu wa moyo. Adhabu: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Tusi lililopita hewani mbele ya watu ishirini mwaloni lina kikomo cha miezi 6. Tusi lile lile likipita kwenye simu, sheria inaanzia miaka 3. Sioni mantiki yake. Aliyetukanwa na macho ya watu yakimtazama huumia zaidi kuliko aliyesoma meseji chumbani, na hata kama maumivu yangekuwa sawa, pengo la adhabu lisingekuwa kubwa hivyo. Kilichotokea ni kwamba sheria ya mtandao ilitungwa juzi na watu waliokwisha kutambua kuwa usumbufu ni kosa kamili, wakati kifungu cha 89 ni cha zamani, cha siku ambazo mtawala alihofia fujo sokoni kuliko machozi ya mtu.

Kwa hiyo mwenye kutumiwa meseji ana silaha nzito, ila asiiharibu. Usifute, hata zile zinazokutia kichefuchefu. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba, tarehe na saa, na simu yenyewe uitunze, kwa sababu mahakama hupima namna ushahidi wa kielektroniki ulivyotengenezwa na kuhifadhiwa. Na usimrushe mtandaoni kulipiza kisasi. Nimeshuhudia mlalamikaji akigeuka mshtakiwa kwa sheria hiyo hiyo.

Na mwaloni ni hivyo hivyo. Jumanne moja ya Septemba dada alishindwa. Alimgeukia mtu yule akamchamba, mwalo mzima ukasimama, na nakiri kwamba niliposimuliwa nilifurahi kwa dakika moja. Kisha nikaogopa. Kifungu cha 89 kinamhusu pia anayegombana au kufanya vurugu kwa namna inayoweza kuvunja amani, na mtu yule alikuwa wa kwanza kufika kituoni asubuhi iliyofuata, amevaa shati safi. Kesi ya kutukanwa ikageuka kesi ya kujibizana, na kesi ya kujibizana kila mtu anajua inavyokwisha: "Nendeni mkasameheane." Kilichomwokoa dada ni daftari. Askari wa dawati alifungua kwa nyuma akaona Februari, Machi, Aprili, Mei, akaona jina la mama wa uji limeandikwa mara kumi na moja. Kujibizana hakuanzi Februari kwa upande mmoja kukaishia Septemba kwa jibu moja.

Watukanaji wana utetezi wao unaopendwa: "Nilikuwa namtania." Sisi ni watu wa utani. Njia ya misafara iliyotoka Ujiji kupitia Tabora hadi pwani ilipitisha bidhaa na pia watani, na mpaka leo mtani anaweza kukuzuia msibani mpaka umlipe. Lakini utani una kanuni. Ni wa pande mbili, hauna kinyongo, na mtani wako ndiye wa kwanza kukuzika. Anayetania upande mmoja, kila siku, mtu aliyekwisha kumwambia "sitaki", huyo hatanii. Kwa sababu hiyo ni muhimu ile "sitaki" isemwe mara moja, waziwazi, mbele ya shahidi. Ukishaisema na ikaandikwa, utetezi wa utani umepungua nguvu.

Maneno mawili ya kwetu yanahitaji kutajwa peke yake. "Mrundi" hapa Kigoma si jina la taifa tu, likisemwa kwa sauti ile tunayoijua. Ni kitisho. Mkoa huu umekuwa na kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta, Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, na Muha wa Kasulu au Buhigwe anaweza kusimamishwa aulizwe uraia kwa sababu ya lafudhi yake. Kumwambia mtu kila asubuhi "rudi kwenu" ni kumkumbusha kwamba unaweza kumwitia Uhamiaji wakati wowote ukitaka. Hilo liandikwe kwenye lalamiko kama kitisho, lisiachwe kama kejeli ya kupita. Neno la pili ni "mchawi". Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, ya tangu mwaka 1928, inafanya kumtaja mtu kuwa mchawi kuwa kosa, na sababu inajulikana kwa yeyote wa ukanda huu, kuanzia Tabora hadi Shinyanga: vikongwe wameuawa kwa sababu ya neno hilo, wengine kwa macho mekundu tu ya moshi wa jikoni. Ukisikia bibi wa jirani anaitwa hivyo mara ya pili, usingoje ya tatu. Msindikize bibi huyo kituoni wewe mwenyewe, akalalamike.

Nirudi kwenye njia ya mtaani, kwa kuwa ndiyo wengi wanaoanza nayo na sina ugomvi na hilo. Tulienda kwa mwenyekiti wa mtaa, mzee wa heshima. Tukampa shikamoo, akatuketisha, akamwita na yule bwana. Walipatanishwa kwa dakika arobaini. "Mwanangu, huyu ni kijana tu, msamehe." Wakapeana mikono. Siku ya nne yakarudi yale yale, na safari hii yakiwa na nyongeza: "Hata mwenyekiti wako kashindwa." Suluhu ya mdomo kwa mtu anayerudia ni hatari kwa sababu humfundisha kwamba hakuna gharama. Suluhu iandikwe. Itaje maneno yaliyokatazwa, itaje kwamba hatamkaribia kwenye chanja zake, waisaini wote wawili na mashahidi, na ipigwe muhuri wa ofisi ya mtaa au ya mtendaji wa kata. Baraza la Kata nalo lipo kwa sheria ya mwaka 1985, na kazi yake ya kwanza ni kuleta amani kwa usuluhishi; karatasi yake ina uzito kuliko ya balozi wa nyumba kumi. Karatasi hiyo haimfungi mtu jela. Kazi yake inaonekana siku ya kesi: hakimu anaona kwamba mtu huyu alijua, aliahidi, na akarudia.

Sasa suala la adhabu, ambapo mimi na dada tulitofautiana kwa siku kadhaa. Mimi nilitaka 138D, kosa zito, mwendesha mashtaka wa Serikali. Yeye alikataa. "Dada, ana watoto wanne. Akifungwa, mke wake atakuja kunililia mimi. Sitaki afungwe. Nataka aache." Nimeifikiria sana sentensi hiyo. Karibu kila mtu anayesumbuliwa kwa maneno niliyewahi kuongea naye anataka kitu hicho hicho, usumbufu ukome. Kanuni ya Adhabu yenyewe imejengwa juu ya swali la nani aadhibiwe na kwa kiasi gani. Ndiyo maana watu wengi hukata tamaa katikati: wanakwenda kuomba kimya, wanaletewa habari za gereza.

Na bado ndani ya sheria zilizopo kuna vitu viwili vya kukomesha, ambavyo watu hawaviombi. Cha kwanza kimo kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20: hakimu akipewa taarifa kwa kiapo kwamba mtu fulani yuko karibu kuvunja amani, anaweza kumwita ajieleze kwa nini asiwekewe dhamana ya kutunza amani, kwa maandishi na pengine kwa wadhamini. Hapo hakuna anayetiwa hatiani. Mtu anajifunga kwa ahadi, na akiivunja anapoteza fedha iliyowekwa. Kwa tatizo la "yale yale" sijui dawa iliyo karibu zaidi, na katika miaka yote ya kusindikiza watu mahakamani sijaona mlalamikaji hata mmoja akielekezwa kuiomba.

Cha pili ni kile mtaani tunakiita kifungo cha nje. Mahakama ikimkuta mtu na hatia inaweza kumwachia kwa sharti la kutotenda kosa lolote kwa muda usiozidi miezi 12. Watu wanakidharau. Utasikia "kaachiwa", "kahonga", "sheria ya maskini". Kwa mwizi wa ng'ombe naelewa hasira hiyo. Kwa mtukanaji wa kila siku nasema kifungo cha nje ni bora kuliko miezi 6 ya ndani. Miezi 6 inakwisha akarudi na kinyongo na jina la ushujaa. Kifungo cha nje kinakaa naye mwaloni. Kila asubuhi akifungua mdomo anajua neno moja linamrudisha kwa hakimu kwa kosa jipya pamoja na lile la zamani. Tusi lililokuwa bure linapata bei.

Walio nje ya hali ya dada huyu wana njia nyingine, nitazigusa tu. Mwajiriwa anayesimangwa kwa sababu ya jinsia yake, kabila au dini analindwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo inahesabu unyanyasaji huo kuwa ubaguzi, na anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Akiwa amesukumwa mpaka akaacha kazi, ahesabu 30. Aliye kwenye ndoa ajue kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua ukatili wa akili, na kwamba shauri la ndoa likishafunguliwa mahakama inaweza kumkataza mwenzake au mtalaka wake kumsumbua. Anayesingiziwa jambo la uongo linalomvunjia jina ana madai ya kashfa ndani ya miaka 3, ingawa kwa muuza dagaa gharama ya kesi hiyo ni mzigo kuliko tusi lenyewe. Asiye na fedha ya wakili atafute msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua, na huduma yao ni bure.

Hizi zote ni viraka. Dada wa mwaloni hana mwajiri, hana ndoa na mtu huyo, na hakutukanwa kwa simu. Kwa ajili yake tunahitaji sheria inayosema waziwazi kwamba kumsumbua mtu kwa kurudiarudia ni kosa linalosimama lenyewe, na inayompa hakimu wa karibu uwezo wa kutoa amri ya ulinzi ndani ya siku chache: usimsogelee, usimsemeshe, usimtumie mtu. Si jambo geni. Uingereza ilitunga sheria yake mwaka 1997, na hesabu yake inaanzia mwenendo wa mara mbili tu. Kenya, jirani yetu, ilipitisha mwaka 2015 sheria ya ulinzi dhidi ya ukatili majumbani inayotaja matusi na usumbufu na kutoa amri za ulinzi, ingawa ni kwa walio na uhusiano wa kifamilia. Tanzania haina hata hiyo ya nyumbani. Katiba yetu, Ibara ya 12(2), inasema: "Kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake." Wabunge wa mkoa huu wanaosimama kudai reli na meli, na wanafanya vema, wangeweza kusimama na daftari lile mkononi.

Kesi ilikwisha Novemba katika mahakama ya mwanzo. Mama wa uji alitoa ushahidi, akayasema maneno yote bila kupepesa, na wazee wa baraza wakainamisha vichwa. Mtu yule alitiwa hatiani na kuachiwa kwa masharti, miezi 6. Dada alitoka nje amekasirika, akanilaumu njia nzima kwamba tumepoteza muda. Tulisimama kwenye kivuli karibu na stesheni kungoja bajaji. Mtu yule akatokea na ndugu zake wawili, wakapita hatua chache kutoka tuliposimama. Akatazama chini, akaenda zake. Dada akanyamaza kidogo, kisha akafungua mkoba, akatoa kauntabuku, akaligeuza kwa nyuma, akaniomba kalamu. Akaandika tarehe, saa saba na robo mchana, jina langu kama shahidi, na chini yake: "Kapita. Hajasema kitu."